Pierre Schaeffer: mutu mwenye alichukua makelele ya treni akayafanya muziki wa redio

Wandugu wasomaji, kabla hatujazungumuza juu ya mutu wetu wa leo, tuanzie hapa kwetu Banalia, pembeni ya Aruwimi. Kuna habari moja ya zamani yenye iko katika vitabu vya historia, lakini watoto wetu mingi hawajaisikia. Tarehe 19 Julai 1888, asubuhi mapema, muzungu mumoja, Meja Edmund Barttelot, alitoka mahali alilala na kasirani. Mwanamuke mumoja alikuwa anapiga ngoma na kuimba. Barttelot alikuwa mukubwa wa lile kundi la nyuma lenye Stanley aliacha Yambuya wakati alipokwenda kumutafuta Emin Pasha. Ile ngoma haikumufurahisha. Akaenda kumunyamazisha yule mama kwa vitisho. Bwana wa mama, jina lake Sanga, akamupiga risasi kupitia tundu la nyumba, na Meja akakufa palepale. Sanga naye alipelekwa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, wakamuhukumu na kumuua.

Watu wawili walikufa juu ya sauti ya ngoma. Kwa yule mama ilikuwa wimbo wake wa asubuhi. Kwa Meja ilikuwa makelele tu. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu mutu tunayetaka kuwaelezea leo, Mufaransa Pierre Schaeffer, alipitisha maisha yake yote akijiuliza ulizo hilohilo: makelele ni nini, muziki ni nini, na nani ana haki ya kuvitenganisha? Yeye hakutumia bunduki. Alitumia redio.

Schaeffer alizaliwa tarehe 14 Agosti 1910 katika muji wa Nancy, upande wa mashariki wa Ufaransa. Baba yake alikuwa mupiga fidla, mama yake mwimbaji. Nyumba ilikuwa imejaa muziki, lakini kijana hakuufanya muziki kuwa kazi yake. Alisoma hesabu na ufundi. Mwaka 1929 aliingia Polytechnique ya Paris, masomo ambayo kule kwao yanatoaka maenjenia wa serikali na wakubwa wa jeshi. Kisha akajifunza mambo ya simu na mawimbi ya hewani. Mwaka 1934 alipata kazi Strasbourg, na mwaka 1936 akahamia kwenye redio ya Paris.

Basi tuelewe vizuri: alikuwa mutu wa mashini. Kazi yake ilikuwa kuangalia kama waya ziko sawa na kama sauti inafika kwa musikilizaji bila kukwaruza. Lakini mutu mwenye anakaa kila siku karibu na mikro anaanza kusikia vitu vyenye wengine hawasikii: mulango unalia, mutu anapumua kabla ya kusema, kiti kinasukumwa. Fundi mwema wa redio anafundishwa kuviondoa vile vyote. Schaeffer alianza kuvipenda.

Vita ikaja. Hatutaficha kitu hapa, kwa sababu maisha ya mutu yanasemwa na mazuri yake na mabaya yake. Wajerumani walipoishinda Ufaransa mwaka 1940, Schaeffer alianzisha chama cha vijana na sanaa chenye kiliitwa Jeune France, chini ya serikali ya Vichy, ile serikali yenye ilishirikiana na Hitler. Chama kilivunjwa mwaka 1942. Kisha Schaeffer, pamoja na mwalimu wa michezo ya jukwaani Jacques Copeau, alikusanya wachezaji na mafundi katika muji wa Beaune ili watafute namna mupya ya kusema kwenye mikro. Kutoka pale ikazaliwa Studio d'Essai, studio ya majaribio, katika Paris yenye ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Humo alitengeneza mchezo mukubwa wa redio, La Coquille à planètes, wenye ulikatwa katika vipindi 8. Na humohumo, pole pole, studio ikageuka kuwa mahali pa kujitayarisha kwa siku ya ukombozi.

Siku hiyo ikafika mwezi wa Agosti 1944. Magaribi ya tarehe 24, askari wa kwanza wa Jenerali Leclerc waliingia Paris. Schaeffer alikuwa kwenye mikro. Alitangaza habari, kisha akawaomba mapadri wote wenye walikuwa wanamusikia wapige kengele za makanisa yao. Kengele zikaanza kulia, kanisa moja kisha lingine, mupaka muji mzima ukajua. Sisi tunaona kwamba ule usiku ulimufundisha kitu. Redio yake ndogo ilisema neno, na muji ukajibu kwa sauti ya chuma. Hakukuwa mashairi wala hotuba yenye ingefanya kazi kuliko zile kengele.

Sasa tufike mwaka 1948, mwaka wa kazi yenye ilimupatia jina. Schaeffer alikuwa anatafuta kutunga muziki kwa makelele. Kwanza aliokota vitu: kengele, filimbi, vipande vya mbao, sufuria. Alipiga hiki, akapiga kile, hakuridhika. Akaona kwamba kitu cha maana si chombo chenye kinapigwa, ni sauti yenyewe kisha kukamatwa kwenye disiki. Ukiisha kuikamata unaweza kuirudisha, kuiharakisha, kuipunguza mwendo, kuigeuza ianze mwisho imalizikie mwanzo, kuikata na kuibandika na nyingine. Akachukua mashini ya kukamata sauti akaenda penye treni, stesheni ya Batignolles katika Paris, na kule akakamata locomotive: filimbi zake, mvuke wake, magurudumu yake juu ya reli.

Wenye waliishi karibu na reli ya Kisangani kwenda Ubundu wataelewa mara moja. Treni ina mapigo yake. Inaanza polepole, inavuta pumzi, inakaza mwendo, na mutoto mwenye amelala pembeni ya reli anajua ni gari gani linapita bila kufungua macho. Schaeffer alikata yale mapigo, akayapanga upya, akatoa wimbo wa karibu dakika 3 wenye hauna mwimbaji wala gitaa. Aliuita Étude aux chemins de fer. Akatunga zingine 4 pamoja nayo: moja ikiwa na sufuria zenye zinazunguka na mashua za muto, mbili zikitoka katika piano yenye ilipigwa na kijana Pierre Boulez, mwenye baadaye alikuwa mukubwa sana katika muziki wa Ulaya. Zote tano zilipita kwenye redio ya Paris tarehe 5 Oktoba 1948. Hakuna jukwaa, hakuna orkestra, hakuna makofi. Watu walikuwa nyumbani kwao, wakafungua redio, wakasikia makelele ya treni yanafuatana sawa vile wimbo.

Tuelezee kidogo ufundi wake, kwa sababu ni wa akili sana na hauhitaji feza mingi. Wakati ule hakukuwa bado bandi katika studio yake, alikuwa anatumia disiki. Wazee wetu wenye walikuwa na fono nyumbani wanakumbuka: disiki ya rumba ikikwaruzwa, sindano inakwama, na mwimbaji anarudilia neno moja, neno moja, mupaka mutu asimame aisukume. Kwetu ilikuwa hasara. Schaeffer aliona ni mali. Alifanya kwa kusudi njia yenye inajifunga, yaani sindano inazunguka mahali pamoja, na kipande kidogo cha sauti kinarudi bila mwisho. Ukisikia kengele mara moja, unasema: kengele. Ukiisikia mara 40, unasahau kengele, unaanza kusikia sauti yenyewe, uzito wake, rangi yake, namna inapanda na kushuka.

Jambo la pili lilikuwa kengele yenye imekatwa kichwa. Alipiga kengele, lakini akafungua mikro nyuma ya pigo, ikakamata tu ule mulio wenye unabakia. Wenye walisikia hawakuitambua. Walifikiri ni kitu cha kupuliza. Hapo Schaeffer alijifunza kwamba mwanzo wa sauti, ule mgongano wa kwanza, njo unatuambia ni kitu gani kinalia. Ukiuondoa, kitu kinapoteza jina lake.

Mwaka 1949 alikuja kijana mumoja, Pierre Henry, mwenye alikuwa na mikono ya muziki kuliko yeye. Pamoja wakatunga Symphonie pour un homme seul, iliyosikilizwa na watu katika salle ya Paris tarehe 18 Machi 1950: nyayo za mutu, pumzi, kucheka, kugonga mulango, maneno yenye yamekatwa. Mwaka 1955 Maurice Béjart aliifanyia dansi. Mwaka 1951 kundi lao lilipata studio yake na mashini za bandi, na kuanzia pale walifanya kazi kwa mukasi na gundi. Lakini si wote walipenda. Mwaka 1953 walipopeleka kazi yao juu ya hadisi ya Orphée katika muji wa Donaueschingen, Ujerumani, watu waliwazomea.

Hapa lazima tuseme ukweli mumoja, kwa heshima ya Afrika. Vitabu vingi vinaandika kwamba Schaeffer alikuwa wa kwanza. Lakini mwaka 1944, miaka 4 mbele ya treni ya Batignolles, kijana Mumisri Halim El-Dabh alikuwa Cairo na mashini ya kukamata sauti kwenye waya, yenye aliazima kwa redio. Alikwenda kukamata sherehe ya zaar, yenye wanawake wanafanyaka ili kuponyesha wagonjwa wa pepo, kisha akarudi studio akaigeuza ile sauti: akaondoa vitu, akaongeza mwangwi, akabakiza mitetemo. Watu wa Cairo wakaisikia mwaka uleule. Baadaye El-Dabh alifundisha Ethiopia, akamalizia maisha yake Marekani. Wawili hawa hawakuibiana. Kila mumoja alifika kwa njia yake. Lakini mwenye alikuwa Paris, na redio ya serikali nyuma yake, jina lake lilifika mbali kuliko mwenye alikuwa Cairo. Sisi watu wa chini tunalifahamu jambo hilo bila mwalimu.

Na Schaeffer naye aligusa Afrika kwa mukono wake, jambo lenye wapenda muziki wake mingi wanalisahau. Katika miaka ya 1950 serikali ya Ufaransa ilimupatia kazi ya kutengeneza redio za inchi zake za ng'ambo. Hiyo njo ilizaa SORAFOM. Alijenga stesheni katika koloni, ili zisibakie tu kurudilia sauti ya Paris, na mwaka 1955 Maisons-Laffitte, karibu na Paris, ikafunguliwa studio-masomo ya kufundisha vijana Waafrika: kushika mikro, kukata bandi, kutoka kwenda kukamata sauti za vijiji, kutengeneza kipindi. Mumoja wa wenye walipita pale ni Francis Bebey wa Kameruni, mupiga gitaa na mwandikaji tunayemujua wote. Kongo yetu ilikuwa chini ya Wabelgiji, kwa hiyo haikuwa katika kazi hiyo. Lakini mawimbi hayana mupaka, na ng'ambo ya muto Brazzaville ilikuwa inasema.

Mwaka 1957 Schaeffer aliondolewa kwenye ile kazi. Miaka 3 nyuma yake, mwaka 1960, karibu inchi zote za Afrika zenye zilikuwa za Ufaransa zilipata uhuru, na vijana wale wa studio-masomo wakajikuta wanaongoza redio za taifa. Mwaka 1962 SORAFOM iligeuka kuwa OCORA, na hiyo iliendelea kutoa disiki za muziki wa vijiji zenye zinasikilizwa mupaka leo.

Aliporudi Paris, mwaka 1958, alipanga upya kundi lake likaitwa GRM. Mwaka 1960 akapewa kuongoza idara ya utafiti ya redio na televizio, mupaka karibu mwaka 1975. Humo zilizaliwa hata sinema za Shadoks, wale ndege wajinga wenye wanapiga pompi muchana na usiku bila kujua juu ya nini. Mwenye amekwisha kuona motopompi zetu kwenye mashimo ya zahabu atacheka, kisha atanyamaza. Mwaka 1966 alitoa kitabu chake kikubwa, Traité des objets musicaux, na kuanzia mwaka 1968 akafundisha Conservatoire ya Paris.

Katika kitabu hicho anafundisha namna moja ya kusikiliza. Anasema kwa ufupi hivi: ukitaka kusikia sauti kweli, sahau kitu chenye kimeitoa. Funga macho. Usiseme ni treni, usiseme ni mulango. Sikiliza umbo lake tu. Alichukua mufano wa zamani wa Pythagoras, mwenye wanasema alifundisha nyuma ya pazia ili wanafunzi wafuate maneno na si uso wake. Watu wa pori hawana haja ya pazia. Porini unasikia mnyama mbele ya kumuona, na mara mingi humuoni kabisa.

Lakini hapa sisi wa sandika ya migodi tunaachana naye, kwa heshima yote. Mwindaji akisikia sauti nyuma ya majani, haulizi umbo lake. Anauliza: ni nani? Yuko mbali kiasi gani? Anakuja au anakwenda? Maisha yake yako pale. Na katika treni ya Batignolles mulikuwa fundi mwenye anaendesha na mwenye anatia makaa katika moto. Katika muziki wa Schaeffer wamepotea. Tunasikia chuma, hatumusikii mutu mwenye anakula vumbi la kile chuma. Hata ndani ya kundi lake wengine waliona vile. Luc Ferrari, mwenye alifanya kazi naye, alikwenda mwisho wa miaka ya 1960 kukamata asubuhi ya kijiji kimoja cha wavuvi kule Dalmatia, na katika Presque rien aliacha kila kitu na jina lake: mota ya mashua ni mota ya mashua, watu ni watu. Sisi tuko karibu na Ferrari zaidi.

Tuseme juu ya nini. Siku moja tulikuwa katika mukutano na wakubwa wa kampuni moja, yenye hatutaitaja, juu ya mashini ya kusaga mawe. Wafanyakazi walikuwa wanalalamika kwamba masikio yanakufa: mutu anarudi nyumbani, bibi yake anamuita mara 3 hajibu, watoto wanafikiri ana kasirani. Wakubwa walitujibu: leteni karatasi yenye inaonyesha kipimo. Hatukuwa na chombo cha kupima. Ndugu yetu mumoja alikuwa ameikamata ile mashini kwenye telefone. Akaiunganisha na baffle yenye tulikuwa tumeleta kwa mukutano, akaifungua. Haikufika dakika 2, mukubwa akainua mukono akaomba wazime. Tukamwambia: Patron, kule ni masaa 8. Hatukupata yote siku ile. Tulipata vifuniko vya masikio kwa timu moja, na ahadi kwa zingine. Lakini karatasi zetu za miezi 5 hazikufanya kile chenye ile sauti ilifanya kwa dakika 2. Schaeffer angetuambia tusahau mashini. Sisi tulitaka mukubwa asiisahau. Hata hivyo, yeye ni mumoja wa wale wenye walionyesha kwamba makelele yakikamatwa na kupangwa, mutu anakaa anayasikiliza.

Na Schaeffer mwenyewe hakumaliza na majivuno. Katika miaka ya 1980, alipokuwa muzee, alisema waziwazi kwamba anaona alipoteza miaka yake, kwamba muziki wa kweli ulibakia ule wa noti za zamani, na kwamba yeye hakufika penye alitaka kufika. Wanafunzi wake waliumia kusikia vile. Alikuwa ameanzisha kitu chenye leo kiko katika kila studio: wale wote wenye wanakata sauti kwenye ordinateri na kuirudilia ili kutengeneza wimbo, hapa Kisangani au Kinshasa, wanafanya ile njia yenye inajifunga ya mwaka 1948 bila kujua. Lakini mwenyewe hakuwa na hakika. Sisi hatumucheki. Tunajua watu mingi wenye walitumikia jambo moja miaka 40, na mwisho wakauliza kama lilikuwa na faida. Kazi ya mutu haingojaki hakika yake ili iendelee.

Alikufa tarehe 19 Agosti 1995, upande wa Aix-en-Provence, akiwa na miaka 85. Ugonjwa wa Alzheimer ulikuwa umekwisha kumunyanganya ukumbusho wake. Disiki na bandi zake zimebakia zinakumbuka kwa niaba yake.

Tukirudi kwetu: Banalia ina sauti zake. Maji ya Aruwimi, mutwango ndani ya kinu asubuhi, ngoma ya muti yenye ilikuwa inapeleka habari ya kilio kijiji kwa kijiji, bake yenye imevushaka magari miaka na miaka, motopompi, nyundo za wachimbaji. Zingine zimeanza kupotea. Leo hata kijana bila kazi ana telefone yenye inafanya kuliko mashini yote ya Schaeffer ya mwaka 1948. Tunaomba redio zetu za hapa zifungue hata dakika 10 kwa juma, vijana walete sauti za mahali wanaishi, na waseme majina: hapa ni wapi, nani anatwanga, nani anachimba, kwa saa ngapi. Barttelot hakutaka kusikia. Sisi tuna masikio bado, tuyatumie mbele ya mashini kuyamaliza.